Njia ya Baiskeli si Uwanja wa Sherehe

Mwaka 2012 Uganda ilitoa sera ya usafiri usiotumia injini, ikitambua haki ya waendao kwa miguu na kwa baiskeli. Baadaye, jijini Kampala, Barabara ya Namirembe na Mtaa wa Luwum zikatengewa njia zao.

Sherehe ni jambo jema. Lakini hema likisimikwa juu ya njia hiyo, mfanyakazi atokaye Kisugu kwa baiskeli husukumwa katikati ya magari na bodaboda. Hema huondoka baada ya siku chache. Kilema cha ajali hubaki.

Basi kabla nguzo ya kwanza haijasimama, askari wa zamu na ahakikishe njia mbadala imetengwa kwa vizuizi. Kulinda usalama ni kumlinda kwanza aliye mnyonge barabarani.