Mkono mdomoni, vidole kichwani



Siku ya Alhamisi, tarehe 8 mwezi wa pili mwaka wa 2024, watoto wa darasa langu la tano walipanga mstari kwa kusalimia bendera. Wimbo ulipoanza, mvulana mmoja alifunika mdomo kwa mkono, na vidole viwili vya mkono mwingine akaviweka kichwani kama bunduki. Kisha wa pili. Kisha karibu mstari wote. Direkta alinitazama mimi, si watoto.

Kila mama aliyekuwa na televizio usiku wa kuamkia siku hiyo, ao aliyesimama nje ya nganda ya jirani, anajua walikoitoa. Léopards walikuwa Abidjan, nusu-fainali ya Kombe la Afrika, wakikutana na Côte d'Ivoire. Wakati wa wimbo wa taifa walisimama hivyo hivyo, mstari mzima. Maana yake haikuhitaji mtafsiri: watu wanauawa mashariki ya Kongo, na dunia imefunga mdomo. Siku zile watu walikuwa wanakimbia Sake kuelekea Goma, magodoro kichwani. Mechi tulipoteza, 1 kwa 0, goli la Haller. Mimi si mtu wa mpira sana, lakini nililia mbele ya goli lile.

Mbele ya mechi, Cédric Bakambu alikuwa ameandika mtandaoni kwamba kila mtu anaona mauaji na kila mtu ananyamaza. Bakambu alizaliwa Ufaransa. Hana shamba Masisi. Lakini aliijua saa ya kusema: wakati wa wimbo wa taifa kamera inapita uso kwa uso, na hakuna mtangazaji anayekata maneno. Na walikuwa pamoja, na jezi waliyovaa ni ya nchi yao wenyewe. Nani angemfukuza nani?

Siku nne baadaye, ngambo ya mpaka, mambo yalikuwa mengine. Héritier Luvumbu, Mukongomani aliyewahi kucheza Vita Club ya Kinshasa, alikuwa mchezaji wa Rayon Sports ya Rwanda. Tarehe 11 alifunga goli wakicheza na Police FC, na akafanya ishara ileile. Picha zilizunguka kwenye telefone zetu kabla ya usiku. Chama cha mpira cha Rwanda, FERWAFA, kilimsimamisha miezi sita, kikisema ameingiza siasa katika mpira. Klabu na yeye wakaachana, akarudi Kinshasa. Ishara ni moja, lakini yeye alikuwa peke yake, na mshahara wake ulitoka upande ule.

Wamama wanaovuka Ruzizi kila asubuhi na beseni la bidhaa hawahitaji mwalimu kuwaeleza hilo. Mnajua kupima ulimi mahali unapotafutia chakula cha watoto. Sisemi Luvumbu alikosea. Nasema alilipa peke yake kile ambacho wengine waliimbiwa.

Tena, kamera inayompa mchezaji sauti ndiyo inayomletea matusi pia. Mwezi wa kwanza, kisha ile mechi na Maroko ya 1 kwa 1, kapiteni Chancel Mbemba alikosana na kocha wa Maroko, Walid Regragui, mbele ya watu wote. Ukurasa wake ulijaa matusi ya rangi ya ngozi. Na watoto wetu nao wanasoma vile kwenye telefone, tunapodhani wamelala.

Juu ya ule mstari wa bendera: direkta alitaka nitoe adhabu. Niliita yule mvulana aliyeanza, nikamuuliza kama anajua maana yake. Alisema bibi yake yuko Minova na hawajapata habari zake tangu Jumapili. Sikumpa adhabu. Nilimwambia asiirudilie mbele ya bendera, basi. Bado sijui kama nilimfundisha ao nilimnyamazisha, na mimi pia nina mshahara wa kulinda.

Nimeandika haya kwa sababu ya mama mmoja wa AVEC yetu, Kadutu. Mtoto wake wa miaka 15 anacheza vizuri sana, na kuna bwana anayejiita manajeri ambaye ameahidi kumpeleka klabu ya nchi ya jirani. Mama aliniuliza swali zuri: akifika kule, atakuwa wa nani? Jibu liko katika kontra. Klabu hailipi miguu peke yake. Kontra nyingi zinasema pia mchezaji anaongea wakati gani na waandishi wa habari, anaandika nini mtandaoni, picha yake ni ya nani, na akikosana na viongozi anaweza kukaa benchi ao nje ya ekipi mpaka muda wake uishe.

Halafu kuna umri. FIFA inakataza mchezaji wa chini ya miaka 18 kuhamia klabu ya nchi nyingine, isipokuwa kwa sababu chache, kama vile wazazi kuhama kwa kazi yao wenyewe isiyohusu mpira. Manajeri asiyeitaja sheria hiyo, ama haijui ama anaificha.

Jumamosi mama huyo aliniletea karatasi. Kurasa tatu za Kifaransa, mahali pa sahihi ya mzazi pameandaliwa vizuri, na pesa ya kutoa kwa ajili ya "karatasi za safari" imeandikwa kwa dola. Jina la klabu halimo. Tumesoma mara mbili tukiwa wanne, tukaifunga katika bahasha, na Jumatatu atamrudishia bila sahihi.