Uzi: "Kenya itoke Jumuiya" – hesabu ya mkulima wa chai

Wiki jana lori ilichelewa kuja kuchukua majani. Tulikaa kwenye kituo huku Konoin karibu saa mbili, na watu wakikaa saa mbili bila kazi siasa lazima iingie. Jirani yangu mmoja, ana ng'ombe watatu na viazi kidogo kando ya chai, akasema: "Kenya itoke tu hii Afrika Mashariki. Uingereza si ilitoka Ulaya na haijafa?" Wengi walimpigia makofi. Mimi nilinyamaza, manake sikuwa na jibu fupi. Jibu refu ndilo hili.

Tuanze kwa haki: hasira ya watu ina msingi. Mwisho wa Julai 2025 Tanzania ilipiga marufuku wageni kufanya aina 15 za biashara ndogo: saluni, kutengeneza simu, kutuma pesa kwa simu, kununua mazao shambani na nyinginezo. Mkenya naye ni mgeni kwa hesabu hiyo. Na hawa ni watu tuliosaini nao Soko la Pamoja lililoanza Julai 2010, ambalo linaahidi mtu wa nchi mwanachama anaweza kuvuka akafanye kazi na biashara. Kwa hivyo ukisikia mtu anasema ahadi imevunjwa, usimwite mjinga.

Lakini kutoka kunafanywaje? Si tamko la mkutano wa hadhara. Kifungu cha 145 cha Mkataba wa Jumuiya kinataka Bunge la Taifa lipitishe azimio kwa theluthi mbili ya wabunge wote. Kwetu ni 233 kati ya 349. Kisha nchi inaandika notisi ya miezi 12 kwa Katibu Mkuu huko Arusha, na katika miezi hiyo yote bado inabanwa na wajibu wake. Mwanasiasa akikuahidi kutoka kesho asubuhi, muulize hao 233 amewatoa wapi.

Sasa chai. Hapa wengi tunakosea, hata sisi wa "tubaki". Huwezi kusema tukitoka Jumuiya chai yetu itakosa soko moja kwa moja, kwa sababu majirani si wanunuzi wakubwa wa chai yetu. Wanunuzi wakubwa ni Pakistan, Misri, Uingereza na nchi za Ghuba. Misri inaingiza chai ya Kenya bila ushuru kwa sababu sote tuko COMESA, na COMESA si Jumuiya. Uingereza nayo haitozi ushuru chai nyeusi inayoingia kwa magunia makubwa, iwe ilikuwa ndani ya Ulaya au nje.

Hasara yenyewe inapitia Mombasa. Mnada wa chai wa Mombasa hauuzi chai ya Kenya peke yake. Kuna ya Uganda, Rwanda, Burundi, Tanzania, Malawi na wengine, na yote inauzwa kwa dola. Mnunuzi wa Karachi anapenda Mombasa kwa sababu kwa wiki moja anapata aina zote za kuchanganya mahali pamoja. Chai ya Uganda na Rwanda inafika hapo kwa malori yanayokatiza Kenya yakiwa na mzigo wa forodha unaotambulika na pande zote. Weka stempu mpya na foleni mpya pale Malaba, na hao wenye chai wataanza kuangalia kwingine. Na kwingine kupo: Tanzania ilianzisha mnada wake Dar es Salaam Novemba 2023. Bado ni mdogo. Sisi ndio tunaweza kuukuza, kwa hasira zetu wenyewe.

Mnada ukipungukiwa aina za chai, wanunuzi wanapungua. Wanunuzi wakipungua, bei inateremka. Halafu Oktoba unakuja kuuliza bonasi imeenda wapi, na bonasi ya upande wetu huku tayari iko chini ya ile ya mashariki ya Bonde la Ufa.

Kitu kingine ni sufuria. Eneo la chai halijilishi. Shamba lako la ekari moja na nusu likiwa chai yote, unga unanunua. Mahindi ya Uganda na Tanzania ndiyo yanashusha bei ya unga miezi ile mahindi ya kwetu hayajakauka. Vitunguu vya sokoni Litein, muulize mama muuzaji vimetoka wapi: mara nyingi ni Tanzania. Machi 2021 Kenya ilifunga mlango kwa mahindi ya majirani wawili hao kwa sababu ya sumukuvu, na haikuchukua siku nyingi ikafungua tena kwa masharti. Anayechuna majani kwa kilo hana akiba ya kungojea serikali mbili zinuniane zikimaliza.

Kutoka kuna faida? Ndiyo, moja ya kweli. Ukiwa kwenye umoja wa forodha, ushuru wa bidhaa za nje ya Jumuiya mnapanga pamoja, na kila ukitaka tofauti unaomba ruhusa. Ukitoka unapanga mwenyewe. Lakini majirani nao watakupangia. Uganda ni mteja wetu mkubwa kuliko wote Afrika: sabuni, mabati, mafuta ya kupikia, dawa. Viwanda vinavyotengeneza hivyo viko Nairobi na Athi River, na wanaofanya kazi humo wengine ni watoto wetu wanaotuma pesa nyumbani. Hiyo ndiyo njia hasara ingefika Bomet, kwa simu, hata kama huna jani moja la chai.

Na tusijifanye hatujawahi kuona. Babangu mkubwa alikuwa mfanyakazi wa reli pale Londiani, wakati reli ilikuwa ya Afrika Mashariki nzima. Jumuiya ya kwanza ilianza Desemba 1967. Kufika 1977 ilikuwa imekufa: Tanzania na Uganda walilalamika kwamba viwanda na faida vinabaki Kenya, siasa za uchumi za Nairobi na Dar zilikuwa zinavutana, na baada ya mapinduzi ya Uganda ya 1971 marais watatu hawakukaa tena meza moja. Shirika la ndege la pamoja likavunjika. Februari 1977 Tanzania ikafunga mpaka. Mzee husema wenzake wa Moshi na Tanga walifunga virago, na wengine hakuwaona tena.

Angalia muda. Mpaka ulifungwa 1977, ukafunguliwa Novemba 1983. Miaka sita malori ya Kenya ya kwenda Zambia hayana njia. Mali ya Jumuiya iligawanywa kwa mkataba wa Mei 1984, Kenya ikipata asilimia 42, Tanzania 32, Uganda 26. Wafanyakazi wa zamani wa Tanzania walihangaika na kesi za malipo yao kwa miongo. Mkataba mpya ulisainiwa Novemba 1999, na umoja wa forodha ukarudi 2005. Kuvunja kulichukua miezi, kurudisha kulichukua miaka 28.

Na Uingereza ya jirani yangu? Kweli haijafa. Ilipiga kura Juni 2016, na ikamaliza kutoka mwisho wa 2020. Miaka minne na nusu bunge lilikuwa halina kazi nyingine, na mawaziri wakuu walianguka njiani. Ilibidi pia izunguke dunia ikisaini upya mikataba iliyokuwa nayo. Mmoja ni wetu, wa Desemba 2020. Ona nani alikuwa na presha zaidi siku hiyo: sisi. Majirani wetu wa Jumuiya walihesabiwa nchi maskini zaidi, kwa hivyo wao mlango ulibaki wazi hata bila mkataba. Kenya peke yake maua na mboga zake zilikuwa hatarini kulipishwa ushuru, kwa hivyo ikasaini peke yake. Yaani Uingereza imetoka Ulaya, na ufa ukaonekana Afrika Mashariki.

Kuna mfano wa aliyetoka bila makelele. Tanzania iliondoka COMESA mwaka 2000 na haikuanguka, lakini ilikuwa na SADC mkononi. Mtu atasema: basi na sisi tuna COMESA. Sawa. Uganda, Rwanda na Burundi wako COMESA. Tanzania hayupo. Tukitoka Jumuiya kwa sababu ya Tanzania, huyo huyo anayetukasirisha ndiye tutabaki naye bila Soko la Pamoja la kumkumbusha ahadi, tukitegemea tu mkataba wa biashara huru wa Afrika ambao haumpi kinyozi wa Bomet haki ya kufungua kiti Arusha.

COMESA nayo si mwavuli wa kila mvua. Sudan ni mwanachama, na Machi 2025 ilipiga marufuku bidhaa za Kenya, chai ikiwemo, kwa ugomvi wa kisiasa.

Nilimtumia jirani haya yote. Akajibu neno moja: "Maziwa?" Anamaanisha maziwa ya bei rahisi ya Uganda yanayomharibia bei. Nikamwambia ukweli: Uganda wako COMESA pia, kwa hivyo maziwa yataendelea kuja hata tukitoka Jumuiya. Na kama serikali jirani imekuvunjia haki yako, mkataba huo huo anaotaka tuuchane unamruhusu mkazi yeyote wa nchi mwanachama, hata mkulima wa Konoin, kupeleka kesi Mahakama ya Afrika Mashariki, Arusha. Ila una miezi miwili tu tangu kitendo kifanyike.

Hajajibu bado. Nadhani yuko kituoni, lori imechelewa tena.