Dawa Inayoishia Kooni

Mtazame mtu mwenye pumu anapotumia inhela. Usiangalie mkono, angalia mdomo. Akishabonyeza kopo, ukaona wingu jeupe linamtoka midomoni au puani, basi wingu hilo ndilo dawa. Imetengenezwa kiwandani, ikavuka bahari, ikanunuliwa kwa pesa ambayo pengine ilikuwa ya mboga ya wiki nzima, na sasa inaelea sebuleni. Mgonjwa amehisi ubaridi kooni na ladha chungu ulimini, naye anaamini ameshatumia dawa.

Shangazi yangu wa Tanga alitumia inhela namna hiyo kwa miaka. Siku moja nilimwomba anionyeshe anavyofanya. "Jambo dogo hilo, mwanangu," akasema. Akainua kidevu, akafungua mdomo, akabonyeza mara mbili mfululizo, na baada ya hapo ndipo akavuta pumzi. Kopo hakulitikisa. Nilipomuuliza nani alimfundisha, akanitazama kama niliyeuliza nani alimfundisha kunywa maji. "Nilipewa dirishani pamoja na dawa nyingine. Wakaniambia mbili mara mbili."

Mbili mara mbili ni maelekezo ya kidonge. Kidonge ukishakimeza, tumbo linajua la kufanya. Dawa ya inhela inabebwa na pumzi ya mgonjwa mwenyewe, na pumzi isipokuwa sawa dawa haifiki.

Chembe zinazoweza kufika kwenye mirija midogo ya ndani ya mapafu zina kipenyo cha kati ya mikromita 1 na 5, ilhali unywele mmoja wa binadamu una takriban 70. Njia yao ina kona kali: hewa huingia mdomoni ikienda mlalo, kisha hugeuka ghafla kushuka chini. Chembe nzito, au chembe iliyo kwenye mwendo mkali, haikati kona hiyo. Hugonga ukuta wa nyuma wa koo ikanasa hapo, kama lori lililoziingia kona za Lushoto bila breki. Hata kwa mtu anayefanya kila kitu sawasawa, mara nyingi ni asilimia 10 hadi 20 tu ya dawa katika kila bonyezo inayofika mapafuni. Sehemu kubwa ya iliyobaki hubaki mdomoni na kooni, kisha humezwa. Anayekosea hupunguza hata hicho kidogo.

Kwa inhela ya kopo, ile iliyozoeleka zaidi kwetu, kwanza toa kifuniko kisha tikisa. Ndani ya makopo mengi dawa ni unga laini uliochanganyika na kimiminika cha gesi. Kopo likikaa bila kutikiswa vitu hivyo hutengana, na bonyezo likatoka na dawa pungufu au iliyozidi. Toa pumzi yote nje, pembeni ya kifaa. Fumba midomo kukizunguka. Anza kuvuta hewa taratibu, na pumzi ikishaanza kuingia ndipo ubonyeze, mara moja tu, huku ukiendelea kuvuta polepole kwa sekunde 4 au 5. Kisha bana pumzi hadi sekunde 10, ili chembe zilizofika zipate muda wa kutua kwenye kuta za mirija kabla hewa haijazirudisha nje. Ukiambiwa mibonyezo miwili, subiri nusu dakika au zaidi, tikisa tena, uanze upya. Gesi hutoka baridi, na wengi hushtuka wakakatisha pumzi katikati. Kulijua hilo mapema husaidia kuvumilia.

Kuna inhela za aina nyingine, za unga mkavu zisizo na gesi, na hizo zinataka kinyume. Hapo ni pumzi ya mgonjwa inayouchomoa unga kifaani na kuusambaratisha, kwa hiyo lazima avute kwa nguvu na kwa kasi tangu mwanzo. Asipulizie ndani, maana unyevunyevu wa pumzi huugandisha unga. Mgonjwa aliyebadilishiwa kifaa kwa sababu cha zamani kimekosekana dukani, asifundishwe upya, atakitumia kipya kwa mazoea ya kile cha kwanza. Nani atamlaumu?

Tusidhani ni ujinga wa kwetu. Mwaka 2016 watafiti wa Hispania wakiongozwa na Joaquín Sanchis walikusanya tafiti 144 zilizofanyika tangu 1975 hadi 2014, zenye watu 54,354 kwa jumla. Waliotumia inhela kwa usahihi walikuwa asilimia 31. Kwa inhela za kopo, karibu nusu ya watu walishindwa kulinganisha kubonyeza na kuvuta, na karibu nusu hawakubana pumzi. Kinachoniuma zaidi ni kwamba katika miaka yote hiyo 40 hali haikuwa bora. Dawa zilibadilika, gesi za makopo zikabadilishwa ili kulinda tabaka la ozoni, lakini mafunzo ya dirishani yalibaki vilevile.

Kifaa chenyewe kilitokana na swali la mtoto. Mwaka 1955 huko Marekani, msichana wa miaka 13 mwenye pumu, aliyechoshwa na kifaa cha kubinya kwa mkono, alimuuliza baba yake kwa nini dawa yake isiwekwe kwenye kopo la kupulizia kama ya nywele. Baba huyo, George Maison, alikuwa mkuu wa kampuni ya dawa ya Riker. Machi 1956 inhela za kwanza za kopo ziliidhinishwa. Mtoto aliomba kitu chepesi akakipata, na wepesi huo wa kubonyeza ndio unaotufanya tuone hakuna cha kufundisha.

Lipo kosa jingine, nalo ni la hatari kuliko kukosea pumzi. Pumu ni mambo mawili kwa pamoja: misuli inayoizunguka mirija ya hewa hubana, na ukuta wa mirija kwa ndani huvimba na kujaa ute. Salbutamoli, ambayo mara nyingi huja katika kifaa cha buluu, hulegeza misuli ndani ya dakika chache, na nafuu yake hudumu saa 4 hadi 6. Uvimbe haiugusi. Inayoushusha uvimbe ni steroidi ya kuvuta, kama beklometasoni au budesonidi, ambayo hufanya kazi kimyakimya kwa siku na wiki. Ukiivuta leo husikii lolote. Basi mgonjwa anafanya hesabu inayoeleweka kabisa: hii inanisaidia, ile hainisaidii. Anaendelea na ya buluu, ya kutuliza, na steroidi, ambayo ndiyo ya kukinga, anaiacha kabatini, na uvimbe unazidi.

Mwaka 2014 Uingereza ilitoa ripoti ya uchunguzi wa kitaifa uliochambua vifo 195 vya pumu. Kati ya marehemu 165 ambao idadi ya makopo ya kutuliza waliyoandikiwa ilijulikana, 65 walikuwa wameandikiwa makopo zaidi ya 12 katika mwaka wa mwisho wa maisha yao. Kopo moja la salbutamoli kwa kawaida lina mibonyezo 200. Watu hawa walikuwa na dawa mkononi, tena nyingi, katika nchi yenye daktari karibu na kila mtaa. Mwaka 2019 mwongozo wa kimataifa wa pumu, GINA, uliacha kupendekeza kuwatibu watu wazima na vijana kwa dawa ya kutuliza peke yake, na ukataka kila mmoja apate matibabu yenye steroidi ya kuvuta. Anayelibonyeza kopo la buluu kila siku anahitaji kurudi kwa daktari. La pili na la tatu halitamponya. Na anayetumia steroidi asukutue mdomo kwa maji na kuyatema, la sivyo dawa iliyobaki kooni inaweza kumletea fangasi, ule utando mweupe.

Kwetu kuna hofu iliyojichimbia: "Ukianza inhela utaizoea, hutaiacha tena." Nimeisikia kwa wazazi, na mara nyingine kwenye kaunta ya duka la dawa, ambako mteja huuziwa vidonge akiamini ndivyo vya upole. Tuzitazame namba. Bonyezo moja la salbutamoli lina mikrogramu 100. Kidonge kimoja cha miligramu 4 kina mikrogramu 4,000, sawa na mibonyezo 40. Dawa hiyo hupita tumboni na kuzunguka mwili mzima, mikono ikatetemeka na moyo ukaenda mbio, ndipo kiasi kidogo kifike kifuani, tena kwa kuchelewa. Inhela ndiyo ya upole. Hofu hii inaondoa watoto shuleni na kuwanyima usingizi, na inafaa kukanushwa waziwazi kila inaposemwa.

Kwa wasioweza kulinganisha mkono na pumzi, hasa watoto, wazee na mtu aliyebanwa vibaya, ipo spesa: chombo cha plastiki kinachokaa kati ya inhela na mdomo. Wingu hupungua kasi humo ndani, chembe nzito hubaki ukutani, na mgonjwa huvuta kwa utulivu. Bei yake huwashinda wengi. Mwaka 1999 Heather Zar na wenzake wa Cape Town walichapisha jaribio walilowafanyia watoto wenye pumu, wakilinganisha spesa ya dukani, chupa ya plastiki ya mililita 500 na kikombe cha plastiki povu. Chupa iliyozibwa vizuri pale inhela inapoingia ilifungua mirija sawa na spesa ya dukani. Kikombe ndicho kilichoshindwa.

Nilimtengenezea shangazi spesa ya chupa. Waya uliokunjwa kwa umbo la mdomo wa inhela, ukapashwa moto, ukatoboa tako la chupa. Inhela ikaingia kwa kubana, pembeni nikaziba kwa gundi. Mdomo wa chupa ndio wa kuwekea midomo yake. Plastiki kavu hujaa umeme tuli na kuinasa dawa, kama kitana kinavyovuta vipande vya karatasi, kwa hiyo chupa huoshwa kwa maji yenye sabuni ya vyombo na kuachwa ijikaushe bila kufutwa kwa kitambaa.

Kwenye boksi la dawa ya kukinga tuliandika tarehe ya kulifungua. Kopo likiisha dawa bado hutoa gesi na sauti ileile, na kuliweka lielee majini kama wengi wafanyavyo hakuonyeshi kilichobaki. Mibonyezo 200, minne kwa siku, ni siku 50. Alipobonyeza mara ya kwanza kupitia chupa ile hakuonja uchungu wowote ulimini, akanigeukia. "Mbona haijatoka?"

"Imetoka, shangazi. Bana pumzi kwanza."