Usaili Hausubiri Mwili Upungue

Taarifa ya kuitwa kwenye usaili huleta furaha nyumbani. Mama hupiga vigelegele, baba husoma tarehe mara mbili, na wadogo huanza kuulizana dada atawanunulia nini akipata mshahara wa kwanza. Furaha ikishatulia huja swali jingine: atavaa nini? Kwa binti mwembamba swali hilo hujibiwa kabla ya magharibi. Koti la dada yake litamtosha, sketi ya shangazi itapunguzwa kidogo, viatu ataazimwa na jirani. Kwa binti mwenye mwili mkubwa, makabati ya ukoo mzima huenda yasiwe na nguo moja ya kumwingia. Wahenga walisema nguo ya kuazima haisitiri maungo. Yeye hata hiyo ya kuazima haipati.

Katika kazi ya ukatibu wa kamati ya msikiti, vijana hutujia kuomba wadhamini wa kuwataja katika barua zao za kazi. Miongoni mwao wapo mabinti wenye stashahada na shahada ambao huacha nafasi zipite, si kwa kukosa sifa, bali kwa kukosa vazi la kusimama nalo mbele ya jopo bila kuona haya. Wapo wanaoambiwa majumbani mwao, tena na watu wanaowapenda: "Punguza mwili kwanza, kazi zitakuja." Kauli hiyo ina huruma ndani yake, lakini haina msaada. Usaili una tarehe. Mwili hubadilika kwa miezi na miaka, na mwingine haubadiliki. Nguo ya usaili ni ile inayoshonwa kwa mwili uliopo leo.

Mwili mkubwa si aibu

Mama wa Waumini Sauda bint Zam'a (r.a.) alikuwa mwanamke mwenye mwili mzito. Imepokewa kutoka kwa Bibi Aisha (r.a.), katika Bukhari na Muslim, kwamba usiku wa Muzdalifa Sauda alimwomba Mtume (s.a.w.) ruhusa ya kutangulia kuondoka kabla ya msongamano wa watu, kwa sababu mwili wake ulimfanya aende polepole. Mtume alimruhusu. Hakusimangwa wala hakuchekwa. Hali yake ilizingatiwa, na ibada yake ikaendelea. Bibi Aisha mwenyewe alitamani baadaye kwamba naye angeiomba ruhusa hiyo.

Tukio hili linatosha kuwa somo kwa wazazi, kaka na waume. Aya ya 11 ya Suratul Hujurat imekataza watu kudharauliana na kuitana kwa majina mabaya, na "bonge" ni mojawapo ya majina hayo, hata likisemwa kwa mzaha sebuleni. Binti anayeitwa hivyo kila siku ataingia chumba cha usaili akiwa ameinamisha kichwa, na hakuna fundi awezaye kushona nguo ya kukiinua.

Wapo pia wanaodhani kwamba kujishughulisha na uzuri wa vazi ni kibri. Katika hadithi aliyoipokea Imam Muslim, Mtume (s.a.w.) aliulizwa kuhusu mtu anayependa nguo yake na kiatu chake viwe vizuri. Akabainisha kwamba hilo si kibri. Kibri ni kuikataa haki na kuwadharau watu. Kwa hiyo dada anayetafuta vazi zuri la usaili, lenye stara, hana deni la kumwomba mtu radhi.

Upana wa stara na ukubwa usio na kipimo

Kosa lililozoeleka ni kudhani kwamba nguo ikiwa kubwa sana itauficha mwili. Mafundi watakuambia kinyume chake. Nguo isiyo na kipimo huteleza begani, kwapa lake hushuka karibu na kiuno, na kitambaa hujaa pembeni kama turubai. Mwili uliokusudiwa kufichwa huonekana mpana kuliko ulivyo. Nguo ya kubana nayo ina aibu yake: huonesha kila mkunjo, na mwenye kuivaa hushinda akiivuta. Vazi la stara lipo kati ya hayo mawili. Hukaa sawasawa begani, kisha huanguka hadi chini bila kuushika mwili.

Ndiyo maana mabega ni sehemu ya kwanza kukagua. Mshono wa bega unapaswa kuishia mahali mfupa wa bega unapoishia. Ukikuta nguo ya dukani inakutosha mabegani lakini inakubana nyonga, usiichukue. Ukikuta inatosha nyonga lakini mabega yameanguka, fundi mzuri anaweza kuyarekebisha. Kwa walio wengi wenye mwili mkubwa, hata hivyo, kushonesha ni bora kuliko kuhangaika Mtaa wa Kongo au kwenye mitumba ya Karume kutafuta saizi ambayo haikuletwa.

Vipimo vichukuliwe upya, visiwe vya Idi iliyopita. Pimwa na fundi wa kike, ukiwa umevaa nguo za ndani utakazovaa siku ya usaili. Kifua na nyonga vipimwe mahali vilipojaa zaidi. Tumbo lipimwe, na mkono wa juu karibu na kwapa upimwe pia, kwani hapo ndipo nguo nyingi hushindwa. Kisha kaa kwenye kiti, upimwe tumbo na nyonga mara ya pili. Mtu akikaa, sehemu hizo hutanuka, na usaili wa mahojiano hufanyika mtu akiwa amekaa. Mwombe fundi aache nafasi ya inchi 4 hadi 6 juu ya vipimo vya kifua na nyonga, ili nguo ipumue.

Kitambaa, mshono na rangi

Kitambaa cha jezi kinachovutika hushika mwili hata kikishonwa kipana. Satini hung'aa, na mwanga wake hutua juu ya kila mkunjo. Kitambaa kikavu na kigumu husimama mbali na mwili na kuuongezea upana. Kinachofaa ni kitambaa kisichong'aa, chenye uzito wa wastani, kinachoanguka chenyewe. Krepu nzuri ni mfano, na nida inayoshonewa mabaibui ni mwingine. Pamba hupitisha hewa, neema kubwa katika joto la Dar es Salaam au Tanga, lakini hujikunja upesi. Dukani, finya pembe ya kitambaa ndani ya ngumi, hesabu hadi 20, kisha kiachie. Kikibaki na makunyanzi, fikiria kitakavyokuwa baada ya safari ya daladala kutoka Mbagala hadi Posta. Kabla ya kwenda dukani, mwulize fundi idadi ya mita, na umweleze upana wa kitambaa, kwani cha inchi 45 na cha inchi 60 havihitaji mita sawa.

Katika mshono, tafuta mistari inayoshuka kutoka juu kwenda chini. Gauni refu la rangi moja, na juu yake koti refu lililo wazi mbele, hufanya mistari miwili mirefu, na jicho la mtazamaji hufuata urefu badala ya upana. Sketi inayotanuka taratibu kuelekea chini ni bora kuliko yenye marinda mengi kiunoni. Epuka mpira unaokata tumbo katikati, mifuko iliyobandikwa nyongani na mshipi mpana. Mikono iwe na nafasi juu na ipungue kuelekea kwenye kiganja, isije ikaburura karatasi za mezani. Iwekewe vifungo vya kufunguka, kwa sababu usaili huweza kuvuka adhuhuri na utahitaji kutawadha.

Rangi nyeusi ni nzuri, lakini si peke yake. Bluu ya usiku, kijivu kilichokolea, kahawia, kijani kibichi na damu ya mzee zote zina heshima ya ofisi. Mtandio uwe wa rangi tulivu iliyo nyepesi kidogo kuliko gauni, usio na shanga wala vitu vya kumetameta. Wepesi huo karibu na uso huyavuta macho ya jopo mahali yanapotakiwa kuwa, yaani kwa anayezungumza. Ufungwe kwa pini chache zilizokaza, ili usiurekebishe katikati ya jibu.

Wengine huhofia kwamba stara yenyewe itawakosesha kazi. Katika utumishi wa umma hapa Tanzania, waraka wa mwaka 2007 kuhusu mavazi ya watumishi unakataza nguo fupi, nguo za kubana na nguo zinazoonesha maungo. Dada aliyevaa gauni refu, pana, safi, na mtandio uliotulia, ameingia akiwa tayari amekidhi sharti ambalo wengine hulazimika kununua nguo mpya ili kulitimiza.

Jaribio la kiti

Nguo ikitoka kwa fundi, isitundikwe kabatini kungoja siku. Ivae nyumbani, ukae nayo kwenye kiti kisicho na mikono kwa dakika 20, na ndugu yako akuulize maswali ya usaili. Inua mkono, inama uokote kalamu, panda ngazi, tembea hadi msikitini na kurudi. Kila mahali ulipoivuta au kuishikilia, weka alama, uirudishe kwa fundi. Nguo nzuri ya usaili ni ile ambayo mwenyewe unaisahau ukishakaa. Akili inayolinda kifungo kisifunguke haiwezi wakati huohuo kukumbuka hesabu za uhasibu.

Siku za usaili huwa ndefu. Juni 2014 maelfu ya vijana waliketi katika majukwaa ya Uwanja wa Taifa kwa usaili wa Idara ya Uhamiaji, wakiwania nafasi 70. Hata penye watu wachache, kuna foleni, ngazi na jua. Mwenye mwili mkubwa ajiandae kwa hayo. Suruali nyepesi ya pamba ndani ya gauni huzuia michubuko ya mapaja. Viatu viwe na kisigino kifupi na kipana, vilivyokwisha kuvaliwa siku kadhaa. Kitambaa cha jasho kiwe mkobani pamoja na vyeti halisi na kitambulisho. Fika nusu saa kabla, upumzike, upoe, ndipo jina lako liitwe.

Kaka zetu nao

Wanaume wenye miili mikubwa husahauliwa katika mazungumzo haya, ilhali shati linalofunguka kati ya vifungo vya tumboni huwafedhehesha vilevile. Kipimo ni kilekile: mabega kwanza. Shati likae bila kuvutika mtu akiwa amekaa. Suruali ishonwe kukaa kiunoni, isisukumwe chini ya tumbo, na mikanda ya begani humsaidia yule ambaye mshipi humteleza. Tai ifike kwenye kichwa cha mshipi, isiishie katikati ya tumbo. Koti liweze kufungwa kifungo kimoja bila kuvuta pumzi ndani. Suruali nyeusi na shati jeupe vilivyopimwa vyema ni bora kuliko suti ya harusi ya kaka isiyofungika.

Wajibu wa nyumba

Baina ya tangazo la walioitwa na siku yenyewe mara nyingi hubaki siku chache, na mafundi wetu tunawajua. Kwa sababu hiyo kitambaa kinunuliwe siku maombi ya kazi yanapotumwa, si siku jina linapotoka. Fundi apewe tarehe iliyo wiki moja kabla ya ile unayoihitaji. Vazi moja lililopimwa vizuri litatumika kwa usaili wa pili na wa tatu, na kwa mwezi wa kwanza kazini pia, Allah akijaalia.

Gharama hii isiachiwe binti peke yake. Familia iliyomlipia ada ya chuo kwa miaka mitatu isimwache akwame mlangoni kwa kukosa mita chache za kitambaa. Baba atoe kitambaa, kaka alipe ufundi, mama ampeleke kupimwa na kumsubiri. Nasi katika kamati za misikiti tunaweza kuwakutanisha mafundi wa kike wa mtaa na mabinti wanaotafuta kazi. Jambo hilo halihitaji harambee, linahitaji mtu mmoja wa kuandika majina na namba.

Afya ya mwili ni amana, na anayetaka kupunguza uzito kwa ushauri wa daktari tumsaidie. Lakini hilo lina ratiba yake, na usaili una ratiba yake. Binti aliyetuma maombi wiki hii apelekwe kwa fundi wiki hii, mwili wake ukiwa hivi ulivyo.

Wabillahi tawfiq.