Baiskeli na Vilima: Dawa ya Moyo kwa Watu wa Mjini

Mfanyabiashara wa Kariakoo huamka alfajiri, hufungua duka mapema, na hurudi nyumbani usiku akiwa hoi. Akiambiwa kwamba hafanyi mazoezi, hukasirika. Lakini hebu tuihesabu siku yake. Amepanda bodaboda kutoka nyumbani hadi dukani. Ameketi juu ya kigoda au kiti cha plastiki saa 10 au zaidi. Mzigo umebebwa na kijana wa mkokoteni. Mchana amekula chipsi mayai na soda papo hapo alipoketi. Kilichochoka ni kichwa na mgongo. Moyo na mapaja vimelala siku nzima.

Ni jambo la kushangaza kidogo, kwa sababu jina lenyewe la Kariakoo linatokana na kikosi cha wapagazi wa Waingereza wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, watu waliotembea mamia ya maili na mizigo kichwani. Leo mtaa wenye jina lao umejaa watu wa kuketi.

Matokeo yake tunayaona katika zahanati. Uchunguzi wa kitaifa uliofanyika mwaka 2012 kwa watu wa umri wa miaka 25 hadi 64 ulionyesha kwamba takriban mtu 1 kati ya 4 alikuwa na presha ya kupanda, na karibu watu 9 kati ya 100 walikuwa na kisukari. Wengi wao hawakuwa wakijua. Presha haipigi hodi. Wengine huijua siku wanapopooza upande mmoja.

Basi mwezi huu tunapenda kuzungumza juu ya baiskeli. Hatusemi juu ya mashindano, wala baiskeli ya kubebea kreti za soda, bali kuendesha polepole kwa muda mrefu katika barabara tulivu yenye miinuko. Wenzetu wa Italia na Ufaransa hufanya hivyo katikati ya mashamba ya mizabibu yanayotazama bahari. Sisi mizabibu yetu iko mbali, huko Dodoma. Lakini vilima vya pwani tunavyo, na badala ya mizabibu tuna mikorosho, minazi na miembe. Havihitaji pasipoti wala visa.

Kwa nini baiskeli, na kwa nini kilima?

Misuli mikubwa kuliko yote mwilini ni ile ya mapaja na makalio. Inapofanya kazi, huvuta sukari kutoka katika damu na kuichoma, hata kwa mtu ambaye insulini yake haifanyi kazi vizuri. Faida hiyo huendelea kwa saa nyingi baada ya safari, hadi siku ya pili. Wakati huohuo moyo unalazimika kusukuma damu nyingi zaidi kwa kila pigo, na kama msuli wowote unaotumika, unapata nguvu. Mishipa nayo hulegea. Mtu akiendelea kwa wiki kadhaa, presha yake huanza kushuka kidogo, na mapigo yake akiwa amepumzika hupungua.

Mtu mnene akikimbia, kila hatua hutua juu ya magoti yake kwa uzito wote wa mwili na zaidi. Juu ya baiskeli uzito huo umebebwa na kiti. Ndiyo maana mama mwenye kilo 95 na magoti yanayouma anaweza kuendesha baiskeli saa nzima, wakati kukimbia dakika 10 kungemlaza.

Kilima nacho kina kazi yake. Kwenye tambarare mtu huzembea, akaacha baiskeli ijiendee. Mwinuko hauruhusu uzembe, na mteremko unaofuata humpa moyo nafasi ya kupumzika kabla ya mwinuko mwingine. Shirika la Afya Duniani hushauri mtu mzima apate angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki. Safari moja ya saa moja na nusu Jumamosi, na mbili fupi za nusu saa katikati ya wiki, zimekwisha kutimiza hesabu hiyo.

Utajuaje kwamba ni wastani? Zungumza na mwenzako mnapopanda. Ukiweza kuongea lakini huwezi kuimba, uko mahali panapofaa. Ukiweza kuimba, ongeza mwendo. Ukishindwa hata kumjibu mwenzako, shuka uisukume baiskeli. Hakuna aibu kusukuma. Baiskeli nyingi za Phoenix hazina gia, na mzee wa miaka 60 anayeng'ang'ania kupanda mlima bila gia ili vijana wasimcheke anautesa moyo wake bure.

Sasa tufike kwenye ugumu wenyewe, yaani kwamba ili uufikie utulivu huna budi kupita kwenye vurugu. Hapa ndipo tunapowaomba wasomaji wawe waangalifu sana, kwa maana hatupendi mtu akimbie presha akaangukia chini ya lori. Kuendesha baiskeli kwa ajili ya afya katika Mtaa wa Msimbazi saa 4 asubuhi si afya. Ni moshi, jasho la hofu, na daladala zinazokata kona bila kuashiria. Njia ya mabasi ya mwendokasi inavutia kwa sababu ni nyeupe na haina foleni, lakini si ya baiskeli, na basi lile halisimami ghafla.

Kwa anayeanza tunashauri njia ya Kigamboni. Ondoka Kariakoo Jumamosi mara kunapopambazuka, kama saa 12 hivi, maduka yakiwa bado yamefungwa. Ni kilomita chache tu hadi Kivukoni. Panda pantoni na baiskeli yako, vuka, kisha shika barabara ya Mjimwema. Mwanzoni kuna magari na bodaboda za wanaowahi pantoni kuja mjini, lakini ukishaipita Mjimwema kuelekea Gezaulole magari hupungua, upepo wa bahari huanza, na barabara hupanda na kushuka kwa upole. Gezaulole kwa Kizaramo ni kama kusema "jaribu uone", na kwa kweli hatujui jina linalomfaa zaidi mwanafunzi wa baiskeli. Wiki za kwanza usifike mbali. Nusu saa ya kwenda na nusu saa ya kurudi inatosha. Ongeza dakika 10 kila wiki.

Baada ya miezi miwili au mitatu unaweza kufikiria Pugu. Vilima vya Pugu viko kusini magharibi ya mji, safari ya kilomita 25 hivi, na familia nyingi za parokia zinavifahamu kwa sababu ya hija. Huko ndiko Mto Msimbazi unakoanzia, mto uleule unaofurika Jangwani kila masika. Huko pia Mwalimu Nyerere alifundisha katika shule ya Mtakatifu Fransisko mpaka alipoacha kazi mwaka 1955. Siku hizo barabara ya kutoka mjini iliitwa Barabara ya Pugu; leo ni Barabara ya Nyerere, nayo imejaa malori, makontena na magari ya uwanja wa ndege. Hatumshauri mtu yeyote aiendeshe yote kwa baiskeli. Afadhali watu wanne au watano wachange, wakodi kirikuu, wapakie baiskeli zao, wakashukie Pugu Kajiungeni. Kutoka hapo shika njia ya Kisarawe kupitia Minaki. Ni mwinuko wa kweli, wenye msitu na hewa ya baridi asubuhi, na mtu wa Kariakoo atashangaa kwamba mbali kiasi hicho tu na soko anaweza kusikia ndege wakilia.

Mteremko wa kurudi ndio wa kuogopa. Kabla ya kuondoka nyumbani mwonyeshe fundi mipira ya breki, na kama baiskeli ni ya breki za vyuma, kumbuka kwamba hazishiki vizuri mvua ikinyesha. Usibane breki ya mbele peke yake. Vaa helmeti hata kama wenzako watakuita mwanaanga. Kaa kushoto, fuata uelekeo wa magari, mkiwa wengi mfuatane mmoja nyuma ya mwingine. Nguo nyeupe au ya njano huonekana. Fulana nyeusi alfajiri haionekani.

Neno juu ya kiti. Watu wengi wa mjini hukiweka chini mno ili miguu yote miwili ifike ardhini, kisha hulalamika magoti. Kaa juu ya kiti, weka kisigino kwenye pedeli iliyo chini kabisa. Mguu unapaswa kunyooka. Ukishaanza kuendesha kwa kutumia sehemu ya mbele ya wayo, goti litabaki limekunjika kidogo, nalo halitauma. Mwenye kupata ganzi sehemu za siri ashushe kidogo ncha ya mbele ya kiti, na asimame juu ya pedeli mara kwa mara. Kwa akina mama, fremu isiyo na bomba la juu ni rahisi, na kuna za mtumba nyingi. Pindo la kanga lifungwe vizuri lisiingie kwenye mnyororo. Suruali chini ya gauni ni bora zaidi, na hakuna mwenye haki ya kuwacheka.

Joto la Dar es Salaam lisidharauliwe. Kuanzia Desemba hadi Machi uwe umekwisha kurudi saa 3 asubuhi. Kunywa nusu lita ya maji au zaidi kwa kila saa, kabla ya kusikia kiu. Katika safari ndefu tengeneza maji yenye chumvi na sukari: lita 1 ya maji safi, vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vikiwa vimesawazishwa. Dafu njiani linafaa pia, nalo ni tamu kuliko dawa. Mwenzako akiacha kutokwa na jasho, ngozi ikawa moto, akaanza kusema maneno yasiyoeleweka, mlazeni kivulini, mmwagieni maji, mpepeeni, na mmpeleke hospitali mara moja.

Wagonjwa wa presha wasiache vidonge kwa sababu wameanza baiskeli. Daktari ndiye atakayepunguza, akiona vipimo. Aliye na presha ya juu sana, au aliyewahi kusikia kifua kikibana, apimwe kwanza kabla hajagusa pedeli. Na ukiwa njiani kifua kikabana, maumivu yakaenda mkononi au kwenye taya, shuka. Usisubiri kumaliza mlima.

Mwenye kisukari anayetumia insulini au vidonge ale kitu kabla ya kuondoka, kwa sababu mazoezi yanaweza kushusha sukari kupita kiasi. Abebe peremende au soda ya kawaida mfukoni, na wenzake wajue dalili: kutetemeka, jasho la ghafla, njaa kali, kuchanganyikiwa. Akishasikia hivyo asimame, anywe, apumzike dakika 15, na asipopata nafuu anywe tena. Avae viatu vilivyofungwa na soksi safi, asiendeshe kwa kandambili. Jioni akae mahali penye mwanga, atazame nyayo zote mbili na katikati ya vidole. Kama haoni vizuri, mtoto wa nyumbani amtazamie. Mchubuko mdogo wa pedeli ambao mwingine angeusahau, kwake uoshwe, ufunikwe, na ukifikisha siku 2 bila kukauka uonyeshwe zahanati.