Kidhibiti au Mdhibiti? Uongozi wa Swichi za Etheneti

Jina la Mlolongo, Kaunti ya Machakos, huhusishwa na msururu wa malori yaliyosubiri kupimwa uzito kando ya barabara ya Mombasa. Data nayo hupanga foleni katika swichi za Etheneti zinazowaunganisha wateja na mtandao mkuu. Kimapokeo, kila swichi hujiamulia njia ya kupitishia data, mithili ya kituo cha mizani chenye karani wake na sheria zake.

Itifaki ya OpenFlow, iliyotangazwa mwaka 2008, ilitenganisha uamuzi na usafirishaji. Programu moja hukusanya taarifa za swichi zote, huchora ramani ya mtandao, kisha huipa kila swichi kanuni zake. Programu hiyo yafaa iitwe kidhibiti. Mdhibiti, kama Mdhibiti wa Bajeti wa Katiba ya Kenya ya 2010, ni mtu wa kuulizwa. Kanuni mbovu ni za aliyeziandika.

Mawasiliano yakikatika, swichi huweza kuendelea kwa kanuni ilizokwisha kupewa, ila pakiti ngeni hukosa wa kuiamulia. Ndiyo sababu kidhibiti cha pili huwekwa akiba.