Kabla ya kupanda boti ya visiwani

Likizo zikikaribia, shule na familia nyingi za Mabanga na Kitale hupanga ziara za visiwani. Anayetoka huku bara hana budi kuchagua kati ya maji mawili yasiyofanana.

Yaliyo karibu ni ya Ziwa Victoria. Boti za Usenge, kaunti ya Siaya, huenda kisiwa cha Mageta. Upande wa Kisumu kuna Ndere, mbuga ya taifa tangu 1986, yenye swala pala, na viboko na mamba ufuoni. Wanyama hutazamwa ukiwa botini, kuogelea hakufai. Mbali na mamba, majini huishi konokono wanaoeneza kichocho, na vijidudu vyake hupenya ngozi bila mtu kuhisi lolote. Aliyeogelea ziwani afike kituo cha afya apimwe, kwani dawa ipo.

Kupiga mbizi kwa miwani na bomba la kupumulia ni mambo ya pwani. Boti huondoka Shimoni, Kwale, asubuhi, hupita kisiwa cha Wasini, kisha huingia hifadhi ya Kisite-Mpunguti inayosimamiwa na KWS. Njiani pomboo huonekana mara nyingi, na kasa pia, ingawa hakuna nahodha anayeweza kuwaahidi. Kiingilio hulipwa kupitia eCitizen, kwa hivyo beba kitambulisho ulipe kiwango cha raia. Msimu mzuri ni wa kaskazi, Novemba hadi Machi, maji yakiwa matulivu na maangavu. Kusi likivuma bahari huchafuka.

Matumbawe yasikanyagwe wala kushikwa. Yanaonekana kama mawe, lakini ni viumbe hai, na mengi hukua kama sentimita moja tu kwa mwaka. Joto la bahari la 1998 liliua sehemu kubwa ya matumbawe ya Kenya.

Lililo zito zaidi ni jaketi la kuokoa maisha. Wengi wetu hatujui kuogelea, na kuvuka Nzoia wakati wa kiangazi si mazoezi. Livaliwe na kufungwa kabla boti haijaondoka, si kukaliwa kama mto. La mtu mzima humchomoka mtoto, kwa hivyo mwalimu aulize mapema kama yapo ya saizi ndogo. Idadi ya abiria wanaoruhusiwa imo kwenye leseni ya boti. Ikizidi, shukeni msubiri nyingine, hata kama nauli imeshalipwa.